Kilo Moja ya Gunia

Mimi ndiye karani wa mizani, ghala la chama, Mnyambe,
msimu wa tisa sasa.
Mbele, daftari langu lina kilo.
Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho nikirudi,
lina maneno.

Nilianza na *kujivuna*, siku Likwena aliposhusha
magunia matatu kwenye baiskeli
akasema ishirini mengine yako njiani, yanakuja na trekta.
Trekta hatujaiona mpaka leo.
Nikaandika: kujivuna ni kuvuna
kulikomezwa na *ji*. Mkulima kajigeukia mwenyewe,
shamba kaliachia ngedere.

*Kujigamba*: hili lina gamba. Libangue uone,
mafuta yatakubabua midomo, na kiini hamna.
*Kujitapa*: kitanda kimoja na kutapatapa,
huyu chali, yule kifudifudi.
*Kujinata*: ulimbo wa mkorosho, humnasa mwenyewe.
*Kujitutumua*: hapa nimechora chura.
*Fiksi*, *kamba*, *chai*: haya ya vijana wa bodaboda,
nimeyaweka pembeni, hayajakauka.

Nina ndoo ya maji pia.
Korosho njema huzama, haisemi kitu.
Pepe huelea, zinageuzageuza mgongo juani,
na mgeni ndizo atakazochota kwanza.

Likwena, basi, huyo kwenye foleni:
“Unyago wa binti yangu mwaka huu, spika
zitasikika Kitangari! Ng'ombe wawili!
Pilau mbwa watasusa!”
Na Somoe binti Mchopa, amekalia gunia lake,
anachokonoa meno kwa kijiti:
“Hao ng'ombe, Likwena, umeshawaambia?”
Ghala zima likacheka. Likwena akacheka kuliko wote.
Binti alichezwa kwa jogoo mmoja
na spika ya kuazima, iliyokohoa hadi alfajiri.

Halafu ukaja mwaka ule bei ilipokwama mnadani.
Wakashusha. Nikapima. Wakachukua stakabadhi
wakaikunja mara nne, ikawa ndogo kama hirizi.
Hakuna aliyesema la maana, wala lisilo na maana.
Likwena naye akaja na matatu yake.
Nikamwanza mimi, karani, nisiyepaswa kuanza:
“Mangapi yako njiani?”
Akautazama mshale wa mizani.
“Ndiyo haya.”

Nikafungua nyuma ya daftari kulitafuta neno lake,
sikuwa nalo.
Wiki tatu kurasa zile zilibaki nyeupe.
Nilimkasirikia Somoe kwa kutouliza habari za ng'ombe.
Nilikasirikia ndoo: kila kitu kilizama.

Oktoba hii, jua la saa nne,
baiskeli ileile inasukumwa na Awetu binti Likwena,
mtoto mgongoni, mnyororo unalia.
Akashusha matatu. Akajifuta jasho kwa ncha ya kanga.
“Karani, andika vizuri. Haya ni kionjo tu.
Mengine yanakuja na trekta.”

Lo!
Somoe alidondosha kijiti chake.
Watu walicheka mpaka mizani ikatikisika,
ikabidi ningoje mshale utulie.
Ulipotulia, themanini na mbili.

Nikaandika themanini na moja.
Kilo moja ni ya gunia, na mimi gunia hulitoa,
awe Likwena, awe diwani, awe mama yangu mzazi.
Sina huruma hapo.

Ila misimu tisa nimekaa mlangoni hapa,
na sijaona bado korosho
iliyofika ghalani bila gunia.